Usiifunge Betri Yako na Zangu

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu Kemi, kuliko hata siku niliyomwoa mama yako, na nashukuru kwamba yuko jikoni hasikii. Ilikuwa Jumapili mchana. Nilikuwa nimetoka Kayanga na baiskeli ya kuazima, nimeisukuma milima yote hadi huku Rugu, na nyuma nimefunga betri mpya kwa mpira wa tairi, nimeivika gunia isipigwe na vumbi. Nilikuwa kijana bado. Shati lilikuwa limeloa jasho, na kila niliyekutana naye njiani nilimsalimu kwa sauti kubwa kuliko kawaida, ili aulize nimebeba nini.

Kaa kwanza. Najua una haraka, na huyo wa bodaboda hapendi kungojeshwa. Lakini asubuhi hii ulipoitua hiyo betri yako mpya kibarazani, ukaniuliza mbona siku hizi nawasha taa moja tu, kisha ukasema, "Baba, si tuifunge na hizi zako? Kwa muda tu." Umesema kwa upendo, najua. Ila hayo maneno, kwa muda tu, niliwahi kuyasikia zamani, na aliyeyasema amelala pale kwenye kibanja, shamba letu la migomba, nyuma ya mibuni. Kwa hiyo utanywa chai, na mashine yako ya kutotolesha vifaranga itangoja huko Kihanga mpaka nimalize.

Babu yako, Tata wangu, ndiye mtu wa kwanza kuwasha taa ya jua katika kitongoji hiki. Kambi za wakimbizi zilipofungwa huku kwetu, mashirika yaliuza vitu kabla ya kuondoka: mahema, vitanda, majenereta. Wenzake walinunua mabati. Yeye alinunua paneli mbili na betri tatu kubwa nyeusi, zile za kutia maji, zenye vifuniko sita kila moja. Akatafuta na televisheni ndogo isiyo na rangi. Tulishika stesheni za ng'ambo kwa chengachenga nyingi, hata mpira ukichezwa ilikuwa vigumu kujua mpira ni upi na chenga ni ipi, lakini sebule ilijaa. Wazee walikaa kwenye viti, vijana kwenye majani yaliyotandazwa chini, na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kikazunguka. Mkulima wa kawaida wa kahawa akawa mtu wa kuitwa kwa heshima "waitu" hata na watu wa rika lake.

Kupenda heshima simlaumu. Nani asiyeipenda? Namlaumu kwa jinsi alivyozitumia betri zile. Betri ya namna hii, mwanangu, haitaki kunyweshwa hadi mwisho. Ukitumia nusu ya kilichomo, iache ipumzike, ijazwe na jua la kesho. Ukiinyonya mpaka chini kila siku, ndani yake hujengeka ukoga mweupe juu ya bamba zake za madini ya risasi, na ukoga ukishakuwa mgumu, hautoki kwa dua wala kwa dawa. Ndiyo maana kulikuwa na kisanduku ukutani, mafundi wanakiita kontrola, kazi yake kukata umeme betri ikipungua. Kilikata mara kadhaa katikati ya mechi, wageni wakaguna, na Tata akaona aibu. Akaita fundi, akamwambia akiruke, waya uende moja kwa moja. "Nyumbani kwangu," alisema, "sizimiwi taa na kisanduku."

Halafu kuna habari ya maji. Betri ikichajiwa hupungukiwa na maji, na yanayopungua ni maji tu. Ule ukali wenyewe haupungui. Kwa hiyo unaongeza maji safi yaliyochujwa, basi. Lakini dukani vitu viwili vyote viliitwa maji ya betri, yale safi na yale makali, yaani asidi. Tata alidharau yale safi. Alisema maji matupu hayatii mtu nguvu, akatia makali, na kweli kwa siku chache taa zilichangamka. Mtu akipewa gongo naye huchangamka. Baadaye nikaona vipande vyeusi vinaelea ndani kila nikifungua kifuniko, na nilipomwonyesha aliniambia niache kuchunguliachungulia mambo, nitaziletea mkosi.

Ndivyo zilivyozeeka betri zile, na mapema kuliko ilivyostahili. Jua likizama, taa ziliwaka nyekundu kama tumbaku kwenye kiko, na televisheni ilijikunja kutoka pembeni hadi picha ikabaki katikati kama stempu. Wageni walianza kupungua. Mmoja akisema anaumwa mgongo, mwingine akisema kesho anawahi shamba. Tata aliendelea kuwasha, akaendelea kupanga viti.

Sasa nikueleze ile betri yangu ilikuwa ya nini, maana wewe hujawahi kunisikia nikilisema hili. Nilitaka kuwa kinyozi. Usicheke. Wakati ule Kimuli ilikuwa bado Karagwe, Kyerwa haijawa wilaya, na palikuwa na soko kubwa lenye vijana wengi na wanyozi wawili, wote wa mkasi na wembe, mmoja macho yamekwisha. Hakukuwa na mashine ya umeme. Mama mmoja mjane alikuwa na chumba kinachotazama barabara, akakubali kunishikia mpaka msimu wa kahawa uishe. Mashine ya kunyolea nilikuwa nayo tayari. Kiti seremala alikuwa amekimaliza, chenye mgongo mrefu wa kuegemeza shingo. Kioo nilikileta kwa miguu, nimekikumbatia kifuani njia nzima, maana baiskeli ingekivunja. Paneli ndogo nilikuwa nimeahidiwa na rafiki. Kilichobaki ni betri, na kwa ajili yake nilibeba magunia ya kahawa kwenye mashine ya kukoboa mpaka bega la kulia likawa na sugu. Hadi leo lipo. Shika hapa, usiogope.

Basi Jumapili ile naingia uani na betri yangu. Nilikuwa nimepanga kupita mlango wa nyuma, niifiche chumbani kwangu mpaka Jumanne, niondoke nayo. Lakini baada ya misa Tata alikuwa ameleta wageni, na baba mdogo alikuwepo, na katekista, na wote wameketi uani kwenye jua. Baba mdogo akaniona, akalivuta gunia.

Tata akasimama. Aliiangalia ile betri, akaniangalia mimi, kisha akawageukia wageni kabla sijafungua kinywa.

"Mnamwona huyu?" alisema. "Wenzangu wamezaa watoto wa kuwauzia kahawa ikiwa bado maua. Wangu ameniletea betri!"

Walipiga makofi, Kemi. Katekista alinibariki kwa mkono kichwani. Baba mdogo alinipa kibuyu ninywe mbele ya wakubwa, jambo lisilokuwa la kawaida kwa kijana wa umri wangu. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sahani za ndizi. Yeye ndiye pekee aliyejua habari ya Kimuli, nikamtazama, naye akainamisha macho kwenye sahani.

Je, ningesema nini? Ningesema, "Tata, si yako," mbele ya watu ambao wameshashukuru? Huku kwetu mtoto hamvui babake nguo uani. Zawadi ikishashukuriwa mbele ya wageni imeshatolewa, hata kama mwenye nayo hakuitoa. Nilitabasamu. Nimekosea mengi maishani, lakini lile tabasamu ndilo ninalolijutia.

Wageni walipoondoka nilimfuata. "Tata, ile betri ni ya Kimuli. Chumba kinaningoja."

"Najua," alisema, na wala hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. "Ni kwa muda tu, mwanangu. Hizi tatu zimechoka, zinataka mwenzao wa kuzishika mkono. Tukivuna kahawa nanunua nyingine, wewe unachukua yako. Au unataka watu waseme mwana wa nyumba hii anakimbia na taa, anamwacha babake gizani?"

Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilikuwa nimefundishwa hivyo tangu sijajua kufunga vifungo. Nikasikia la mkuu.

Ili kuziunganisha zote nne nilihitaji waya mnene, nikarudi Kayanga kwa Mzee Shabani, yule aliyeniuzia betri. Alikuwa mfanyabiashara wa Kiislamu, babu yake alikuja huku kutoka Pangani, naye alizaliwa hapahapa lakini maneno yake yalikuwa bado na chumvi ya kwao. Alianza kupima waya, kisha akauliza nakwenda kufunga nini na nini.

"Shikamoo yako niliipokea," alinikatiza nilipomweleza, "lakini waya huu sikuuzii mpaka unisikilize. Hizo za baba yako zina maradhi. Ndani ya kila moja mna vyumba sita, na sidhani kama ipo isiyokuwa na chumba kilichokufa. Ukiifunga hii mpya pamoja nazo, mchana paneli zikileta chakula, zile kuukuu zitakula na hazitashiba, na hii haitapata kushiba kwa sababu yao. Jua likishazama, ndiyo balaa. Mmezima taa, mmezima televisheni, mmelala wote, na mpya inaendelea kuzilisha zile kuukuu mpaka asubuhi. Haifanyi kazi yoyote, inanyonywa tu. Mwambie mzee wako, tena kwa adabu, lakini mwambie."

Nilimwambia kwa adabu. Tata alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akanishika mkono, akanipeleka kwenye kibanja. Akasimama kwenye shina la mgomba.

"Huyo Mswahili wa pwani anajua nini juu ya mgomba?" alisema. "Tazama. Shina moja lina mama, lina binti, lina mjukuu. Kibanja kikichoka tunafanyaje? Tunaacha chipukizi lenye nguvu katikati ya wakubwa, na shina lote linaamka. Umewahi kuona mama amemuua binti? Mgomba haushindwi na mkunguwe."

Ilikuwa hoja nzuri. Sisi ni watu wa migomba, mwanangu, na kitu chochote tukikipeleka kwenye kibanja tunaona tumekielewa. Hata mimi, niliyekuwa nimeelezwa ukweli, niliposimama pale kivulini nilianza kuona labda Mzee Shabani anataka tu kuuza betri nyingi. Nikamdanganya Shabani kwamba waya ni wa kazi nyingine, nikanunua, nikafunga chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na jioni ile nyumba iliwaka kama siku ya kwanza. Televisheni ilijaa kioo chote. "Umeona?" Tata aliniuliza mbele ya watu. "Chipukizi!" Wageni walirudi, na migongo yao ikapona ghafla.

Haukupita muda mrefu. Kwanza betri moja kuukuu ilianza kupata joto na kutokota kwa ndani, na chumba kikanuka mayai yaliyooza. Nilikuwa najaza maji leo, kesho bamba ziko wazi tena. Kisha taa zikaanza kurudi kwenye ule wekundu. Nilikuwa nikigusa ile ya kwangu asubuhi, kabla jua halijapiga paneli, naikuta imechoka kabla ya siku kuanza. Mara mbili nilifungua waya wake kwa siri, na mara zote mbili Tata aliurudisha. Aliurudisha tu, akakaza nati, kama mtu anayefunga kitanzi cha mbuzi kilicholegea.

Kahawa ilivunwa. Ilikuwa mbaya mwaka ule, au ilikuwa nzuri ikaenda kwenye mambo mengine, siku hizi sijali tena. Betri nyingine haikununuliwa. Yule mjane wa Kimuli alinitumia ujumbe mara ya kwanza, akanitumia mara ya pili, na mara ya tatu hakutuma. Nikaifungua betri yangu mchana kweupe, Tata akiwa shamba, nikaifunga kwenye baiskeli na kuipeleka kwa Mzee Shabani, nikamwambia aipime.

Alikuwa na kipimo cha kioo chenye kielea ndani, unanyonya maji ya betri, kielea kikipanda ujue ina uhai. Alinyonya chumba cha kwanza, kielea kikalala chini. Akaenda cha pili, cha tatu. Hakuendelea hadi cha sita. Aliweka kile kioo mezani, akakifuta polepole, na mimi nikaanza kujitetea kabla hajauliza. Nikamweleza habari ya kibanja, ya mama na binti na mjukuu.

"Baba yako anajua migomba, wala sibishani naye," alisema. "Lakini hebu nambie wewe uliyezaliwa kwenye migomba. Kwenye shina, nani humlisha nani?"

Akajijibu mwenyewe.

"Mama akishazaa mkungu wake hukatwa, sivyo? Gogo lake hukatwakatwa likatandazwa pale chini, na maji yake humshukia mtoto. Mkubwa ndiye anayekwenda kwa mdogo. Betri haina desturi hiyo, mwanangu. Kwa betri, mdogo ndiye anayekwenda kwa mkubwa, mpaka waishe wote wawili." Kisha akanitazama kwa hasira, mara ya kwanza na ya mwisho nilivyomjua. "Nilikuambia umwambie mzee wako. Sikukuambia ukishamwambia ukamtii. Heshima si utumwa! Ungemnunulia mafuta ya taa kila Jumamosi kutoka kwenye saluni yako, angekuwa na mwanga hadi leo, na wewe ungekuwa mtu. Sasa mko gizani pamoja. Nani amefaidi?"

Nilitoka pale bila kuaga. Niliiacha betri mlangoni kwake.

Ukitaka kujua uchungu, Kemi, uchungu si betri. Betri ni risasi na plastiki. Chumba cha Kimuli alikipata kijana mwingine, alikuja na betri yake mwenyewe hana mtu wa kumwambia kwa muda tu, na leo ukipita pale utaona jengo la ghorofa moja, watoto wake wanauza simu. Sina kinyongo naye. Aliingia mlango uliokuwa wazi. Uchungu wangu ni kwamba Tata hakusema pole. Alisema, "Betri za siku hizi hazina nguvu." Na miaka ilipopita, nami nimeoa, ninalima kahawa ileile kwenye kibanja kilekile, alikuwa akikaa na wageni wake waliobaki, ananinyooshea kidole, anasema, "Huyu alitaka kufungua saluni Kimuli, lakini hakuwa na bidii." Alisema hivyo nikiwepo. Alisema hivyo mara nyingi. Na mimi nilikuwa nikimmiminia chai.

Nilimzika kwa heshima zote. Nililia, na yalikuwa machozi ya kweli, kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu nilijua sasa ile pole sitaisikia kamwe. Watu husema penye wazee haliharibiki neno. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na mimi nimeona yaliyoharibika wazee wakiwa wameketi mbele kabisa. Kile kioo nilichokikumbatia njia nzima ndicho hicho ninachonyolea ndevu humo ndani, na kila Jumapili nikijipaka povu namwona kinyozi ambaye hakufika Kimuli.

Sasa umejua kwa nini nina taa moja. Betri zangu mbili hizi zimezeeka, lakini zimezeeka mikononi mwa mtu aliyeonywa. Nazifungua vifuniko, natazama kama bamba zimefunikwa, na natia maji safi baada ya jua kuzijaza, si kabla, maana zikijaa umeme, maji hupanda. Asidi haigusi humo. Vichwa vyake vikiota ule unga wa kijani naviosha kwa maji ya moto yenye magadi, nafuta, napaka grisi. Haziwekwi chumba cha kulala, na moto hausogezwi karibu nazo zikiwa zinachajiwa. Kontrola ikikata, imekata, mimi nalala. Na kila zilivyozidi kuchoka nilizipunguzia kazi: kwanza nilitoa televisheni, mama yako akanuna. Kisha taa ya uani. Sasa zimebaki na taa hii na redio ya habari. Hiyo ndiyo dawa ya betri iliyozeeka, mwanangu, hakuna nyingine. Hupunguziwa mzigo. Haitafutiwi kijana wa kuibebea.

Nami ni hivyohivyo. Usinionee huruma sana, wacha mzigo wa mwenzio uwe kanda la usufi, maana wewe una wa kwako. Una mayai kwenye hiyo mashine ya Kihanga, umeme ukikatika usiku mmoja vifaranga vinafia ndani ya maganda. Umeniambia mwenyewe wateja wameshaweka oda, na kwamba ukishindwa safari hii huna tena pa kuanzia. Halafu unaacha betri hapa ili mzee asikilize taarifa ya habari na taa mbili!

Na nikwambie ukweli ambao Tata hakuniambia. Ulipoitua asubuhi, moyo wangu uliruka. Niliiona ilivyo mpya, vichwa vyake vinang'aa, na kabla hujamaliza kusema nilikuwa nimeshaona televisheni imewaka, na jirani yangu ameingia, na mimi nimekaa kwenye kiti cha mbele. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kukubali. Nilishtuka nilipojisikia nataka kumwita mama yako aje aone mwanangu alichoniletea. Ndiyo hapo nikamjua Tata. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa betri kuukuu, na betri kuukuu haijui kwamba inanyonya. Yenyewe inaona imepata nafuu.

Kwa hiyo sikiliza, na uwaambie na wenzako wanaoanza maisha. Mheshimu mzee wako, mpe anachohitaji kutoka kwenye ziada yako, na umpe kwa mkono wako mwenyewe, ukiwa umesimama kwako. Lakini usifunge mwanzo wako kwenye mwisho wake. Ukisikia kwa muda tu, uliza muda gani, na uulize mapema, hata kama wageni wapo, hata kama wameshapiga makofi. Aibu ya uani hupita na jioni yake. Mimi nilisikia la mkuu na guu likavunjika vilevile, na hakuna methali iliyokuja kunifunga bandeji.

Jambo moja bado. Siku hizi mbili zikifa kabisa, usizizike nyuma ya nyumba, maji yake huua udongo, na usiache watoto wakazichezea. Wapo wanunuzi wanaopita na mizani kutafuta risasi. Wape, na watakachokupa kanunulie waya mnene wa mashine yako. Nimeshamwambia mama yako. Mgomba mkubwa ukishakatwa hutandazwa chini ya mdogo, ndivyo tulivyofanya hapa tangu zamani, na angalau mara moja katika nyumba hii jambo hili lifanyike inavyotakiwa.

Na ikitokea wiki ijayo nikakupigia simu, nikaongea kwa upole, nikasema macho yananisumbua, nikakuomba hiyo betri kwa siku chache, nitakuwa nasema kwa upendo kabisa. Usinisikilize. Niulize hali yangu, niletee miwani, kisha kata simu.

Haya, inama nikuwekee mkono kichwani. Mungu wa babu yako, mzee ambaye namwombea apumzike na nitamwombea hadi nimsamehe, akupe jua la kutosha na mikono isiyochoka. Mayai yako yaanguliwe yote. Ulichokianzisha kiwe chako mpaka wewe mwenyewe uamue kukigawa, na siku yako ya kukatwa ikifika, maji yako yateremke. Sasa ibebe, kabla mama yako hajatoka jikoni akaiona.